Nyundo Zikilala, Mbwa Alale

Leza ya kwanza ya kuchimba chuma niliyoiona ikifanya kazi bila kuundwa na mikono yangu haikuwa na sauti, na ukimya wake ulinitia wasiwasi. Nilikuwa ugenini, ndani ya chumba kisicho na dirisha, nimevaa miwani ya kukinga macho, nimesimama kando ya meza nzito ya chuma nikingoja mlio. Mwenyeji wangu aliniuliza nangoja nini. Nikamwambia nangoja ianze. Akasema imeshaanza, tena zamani. Alinionyesha kipande cha chuma chini ya lenzi. Mstari mwembamba ulikuwa unachimbika pale taratibu, safi pembeni, bila moshi. Nilijipangusa jasho. Mwili wangu ulikuwa umezoea kwamba mwanga wa namna hiyo hauji bila kishindo, na kwamba kabla ya kishindo lazima ujue nani yuko karibu.

Tangu siku ile kazi yangu imekuwa hiyo hiyo: kupiga metali, kioo na plastiki kwa mapigo ya mwanga yaliyo mafupi kupita kiasi, kisha kutazama kilichobaki. Wanafunzi huniuliza nilisomea wapi. Nikijibu Nyakabiga na Buyenzi, wasioijua Bujumbura hudhani ni majina ya vyuo. Ni mitaa. Nyakabiga nilikuwa na nyumba yenye chumba cha mbele kinachotazama barabara, natengeneza redio na televisheni. Buyenzi nilikuwa na kona ya karakana ya fundi bati, ambayo haikuwa yangu.

Shule niliiacha kabla ya kumaliza sekondari. Nilichojua kuhusu mwanga nilikisoma mwenyewe kwa Kifaransa, katika maktaba ya kituo cha utamaduni mjini, iliyokuwa ikifunguliwa asubuhi tu kwa sababu ya vita. Nilikuwa nafika wa kwanza, nasoma nikiwa nimekaa karibu na mlango, kisha narudi Nyakabiga mbio ili wateja wasidhani nimehama. Watu walikuwa wakihama sana miaka ile. Mtu akifunga duka siku mbili, siku ya tatu jirani anauliza bei ya mlango.

Siku moja waliniita chuo kikuu kutengeneza osiloskopu, mashine inayochora umeme kwenye kioo kama mstari unaotembea. Embago, ile marufuku ya biashara tuliyowekewa na nchi jirani, ilikuwa imeshaondolewa, lakini vipuri havikuwa vimerudi, na fundi wao alikuwa ameondoka nchini. Aliyenipokea alikuwa mwalimu wa fizikia, mama wa makamo anayetembea haraka na kuzungumza haraka. Tuliongea Kifaransa, hapa ninamtafsiri. Mashine ilipopona aliniuliza nataka malipo gani. Nikamwomba anionyeshe leza yao. Ilikuwa ndogo, nyekundu, inawaka mfululizo kama tochi. Nikamuuliza inakuwaje mwanga wenye nguvu ukikatwa ukawa mfupi sana.

Alikaa chini kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Ukiipiga metali kwa mwanga mrefu," alisema, "ni sufuria kwenye moto. Joto linatembea, pembeni panayeyuka. Ukiipiga kwa mwanga mfupi kabisa, ile sehemu uliyoipiga inaondoka kabla ya kumpasha moto jirani yake."

"Kama mtu aliyehama usiku," nikasema, "jirani anaamka anakuta nyumba tupu."

Alinitazama. Mfano ule haukuwa mgeni kwa mtu yeyote aliyekuwa akiishi Bujumbura.

Ndipo akaniambia jambo lililoniondolea usingizi kwa miezi iliyofuata. Alikuwa amepata nafasi katika maabara ya ng'ambo inayofanya kazi na mapigo mafupi hasa. Walimruhusu kwenda na fundi mmoja. Wenye diploma watatu walikuwa wameshaomba. Mimi sikuwa na diploma. "Sikuahidi kitu," alisema. "Lakini kama unaweza kunionyesha pigo la mwanga ulilolitengeneza mwenyewe, na alama yake kwenye metali, nitajua la kuwaambia. Nataka kuliona kwa macho yangu, kabla sijapanda ndege."

Nilijua lipo pigo linaloweza kutengenezwa. Nilikuwa nimelisoma na kulichora mara nyingi. Unahitaji karatasi pana ya plastiki ngumu, iliyofunikwa alumini juu na chini, ili umeme ujazane humo kama maji kwenye pipa. Juu yake unaweka vipande viwili vya alumini vilivyonyooka kabisa, vinatazamana, na kati yao upenyo usiozidi unene wa sarafu mbili. Umeme mkali unautoa kwenye koili ya televisheni kuukuu, na televisheni kuukuu nilikuwa nazo hadi chini ya kitanda. Mwisho unaweka bolti mbili zinazokaribiana. Umeme ukijaa, unaruka kutoka bolti hadi bolti, pipa lote linamwagika kwa mara moja, na hewa iliyo katika ule upenyo, hewa hii hii tunayoivuta, inatoa pigo la mwanga. Jicho halilioni. Linadumu kama nanosekunde moja, yaani sekunde ikigawanywa mara bilioni. Leo ninatumia mapigo mafupi kuliko hilo mara maelfu na maelfu, lakini hilo ndilo lililokuwa likiwezekana kwa bolti.

Kitu ambacho vitabu havikukitilia maanani ni sauti. Umeme unaporuka kati ya bolti, unapasuka kama bunduki.

Ni lazima nieleze masikio ya Bujumbura yalikuwaje. Miaka ile kila mtu alikuwa mtaalamu. Watoto walikuwa wakitofautisha bunduki na bunduki kama wanavyotofautisha magari. Jioni tulikuwa tukiona mwanga ukimulika juu ya vilima, tunaanza kuhesabu kwa sauti, nyumba kwa nyumba, mpaka mlio ufike. Sauti hutumia kama sekunde tatu kupita kilomita moja, kwa hiyo mtu akifika kumi na tano anapumua, akifika sita anawaingiza watoto ndani. Nilikuwa nikihesabu nao, lakini kichwani nilikuwa na hesabu nyingine: kwamba katika nanosekunde moja mwanga hutembea urefu wa rula ya shule. Muda mfupi usioweza kupimwa kwa saa unaweza kupimwa kwa umbali. Wazo hilo sikulitoa kitabuni. Nililitoa uani, nikiwa nimesimama na majirani tunatazama vilima.

Nilipiga mara ya kwanza nyumbani kwangu, mchana, dirisha likiwa limezibwa kwa godoro. Godoro halikusaidia. Nilipiga, nikarekebisha bolti, nikapiga tena. Nilipotoka nje barabara ilikuwa tupu. Jirani yangu, mama anayeuza ndagala, alikuwa amelala chini ya meza yake, samaki wamemwagika mgongoni, anajadiliana na fundi viatu aliyejibanza nyuma ya mti.

"Ile si Kalash," mama alisema. "Kalash inaimba. Hii imekohoa."

"Pistole."

"Pistole ya nani? Inapiga moja, inanyamaza, inapiga ingine. Mutu anapiga namna ile anafanya nini?"

"Anachagua," alisema fundi viatu.

Jioni mkuu wa nyumba kumi alikuja. Alikuwa mzee mpole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali.

"Fundi, ni wewe unapiga?"

"Ni mimi, muzee. Lakini si bunduki. Ni mwanga."

"Ni mwanga." Alikitazama kile kitu juu ya meza yangu. "Mutoto yangu, wanajeshi wakifika hapa usiku, mi niwaambie nini? Ni mwanga?"

Mke wangu, aliyekuwa akishona sare za shule chumba cha ndani, hakungoja mzee atoke. Aliizungushia mashine shuka kuukuu, akaifunga fundo. "Huku haitalia tena," alisema. "Itafutie mahali penye kelele kuliko yenyewe."

Nilifikiri alikuwa ananifukuza. Kumbe alikuwa amenipa jibu.

Mahali penye kelele kuliko yenyewe palikuwa Buyenzi. Mitaa mingi ilikuwa imejifungia, kila mmoja na kabila lake. Mtu wa Nyakabiga hakwenda hovyo kaskazini, kule Gasenyi, na wa kaskazini hakuja kwetu. Buyenzi ilikuwa ya mtu yeyote mwenye gari bovu. Waislamu wa pale, wenyeji wa mji tangu mababu zao, walikuwa makanika, washonaji, wauza vipuri, na kwenye barabara moja walikuwa wamejipanga mafundi bati, kila mmoja na kibanda chake, wakifua mapipa ya mafuta kuwa mbabula, yale majiko ya makaa, na masanduku ya wanafunzi. Kuanzia asubuhi mpaka jioni nyundo hazikunyamaza. Ukitaka kumwambia mwenzako neno, unamshika bega kwanza.

Nilimfuata mmoja wao niliyewahi kumtengenezea redio. Alikuwa mtu mnene, mwenye utani, ambaye hakuweza kunyoosha bati bila kusimulia jambo. Nilimwomba kona, waya wa umeme, na msaada wa kunyoosha vile vipande viwili vya alumini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akawageukia wenzake.

"Hii kitu inakula nini?"

"Umeme," nikasema.

"Na inazaa nini?"

"Mwanga."

"Mwanga gani? Mi sioni mwanga."

"Hauonekani."

"Musikie!" aliwapigia kelele jirani zake. "Huyu mukristu amebeba kitu kutoka Nyakabiga, inakula umeme yangu, inazaa mwanga yenye haionekane!"

Nilipiga pigo moja ili wasikie. Nyundo zilikuwa zikilia, na ule mlio ukapotea ndani yake kama tone ndani ya ndoo. Mpita njia hakugeuza shingo.

"Hii ni mbwa," fundi bati aliamua. "Inabweka, haiume, inakula bure."

"Na Mwislamu anafuga mbwa?" jirani yake aliuliza.

"Ya kulinda inaruhusiwa. Atakaa uwani." Kisha akanishika bega, na sauti ikabadilika. "Sikia, bwana. Hapa watu wa kila namna wanakimbilia. Wakisikia bunduki hapa, hawana pengine pa kukimbilia. Nyundo zikilala, mbwa alale. Siku nyundo zimelala na mi nisikie mbwa, utambeba na mufupa yake."

Nilikubali. Hilo ndilo lilikuwa sharti, na sikuwa na kitu kingine cha kumlipa.

Miezi ile nilikuwa mtu asiyekaa. Asubuhi maktaba, halafu redio za watu, halafu Buyenzi kwa miguu, halafu nyumbani kabla ya saa ya kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje. Plastiki ilitoboka mara nyingi. Umeme mkali hutafuta mahali dhaifu, unapenya, unaacha tundu jeusi, na mashine imekufa mpaka ubadilishe karatasi nzima. Kila mara fundi bati aliuliza, "Mbwa amekufa?" nikajibu, "Amekufa," akasema, "Tutazika kesho." Hewa ya Bujumbura nayo ilikuwa na unyevu, na siku za mvua mbwa hakubweka kabisa.

Kidogo kidogo ikakubali. Karatasi nyeupe niliyoiweka mbele yake ilitoa kidoa cha buluu kila ilipopiga, kwa sababu mwanga ule usioonekana huifanya karatasi iwake. Nikaweka lenzi ya kamera iliyovunjika, na mbele ya lenzi utando mwembamba wa kapasita ya redio, ambao ni plastiki iliyopakwa alumini nyembamba kuliko kitu chochote nilichoweza kukipima. Pale palipopigwa alumini iliondoka. Plastiki ilibaki. Niliitazama kwa kioo cha kukuzia: tundu dogo, ukingo wake safi kuliko nilivyotarajia, si safi kama vitabu vilivyoahidi. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara, jambo ambalo miaka ile watu hawakulifanya.

Mwalimu alikuwa amebakiza wiki moja. Tulipatana aje Buyenzi Alhamisi, nyundo zikiwa kwenye kilele. Alikuwa akiishi Musaga, kwenye barabara ya kusini, chini ya vilima. Alhamisi asubuhi kulikuwa na mapigano juu ya Musaga. Niliyasikia kutoka Nyakabiga. Mabasi hayakutembea. Nilishinda Buyenzi nikiipangusa mashine iliyokwisha kupanguswa, nikitoka barabarani, nikirudi, mpaka fundi bati akanipa nyundo nimsaidie, maana nilikuwa namzungusha kichwa. Mwalimu hakuja. Ndege yake ilikuwa Jumamosi asubuhi.

Ijumaa nilikwenda bila matumaini, kuifunika tu. Nilifika karibu na saa saba mchana. Mafundi walikuwa wameshaoga na kuvaa kanzu nyeupe, wanafunga vibanda. Fundi bati aliniachia ufunguo akaenda msikitini na wenzake. Barabara yote ikanyamaza. Sijui kama nimewahi kusikia ukimya mzito kama ule wa Buyenzi saa ya swala ya Ijumaa. Unamsikia kuku akitembea. Ni katika ukimya huo teksi ilisimama mbele ya kibanda, mwalimu akashuka, mkoba begani.

"Samahani ya jana," alisema. "Nina nusu saa. Dereva ananingoja."

Aligeuka kumwonyesha dereva. Dereva alikuwa ameshafunga gari, ametia ufunguo mfukoni, amevaa kofia, anakimbilia msikitini.

"Anakwenda wapi?"

"Kuswali, Madamu. Leo Ijumaa."

Alicheka kidogo, kisha hakucheka tena. Akaingia, akainama juu ya mashine. Akagusa vipande vya alumini kwa ukucha, akafuata waya mpaka kwenye koili, akatikisa kichwa kukubali. "Sawa. Piga."

"Siwezi."

"Haifanyi kazi?"

"Inafanya. Lakini nyundo zimelala." Nikamweleza sharti.

"Pigo moja."

"Madamu, waumini wamejaa mle mpaka barabarani. Wakisikia pigo moja watatoka wote kwa mara moja. Wataumizana mlangoni."

Alijua ni kweli. Alikuwa mtu wa Musaga. Lakini alikuwa pia mtu anayeondoka kesho. Alianza kutembea, hatua chache mpaka ukutani, hatua chache mpaka mlangoni. Nami nilisimama mkono wangu ukiwa karibu na swichi, na nilihisi joto la swichi ile kama vile ilikuwa na moto. Niliutia mkono mfukoni. Nilimpa vipande vya utando nilivyokuwa nimevitoboa. Alivitazama dhidi ya mwanga wa mlango, akavirudisha.

"Tundu ni tundu," alisema. "Mtu anaweza kutumia sindano. Siwezi kuwaambia nimeona nisichokiona."

Sauti ya khatibu ilitufikia kwa mbali kupitia kipaza sauti, polepole, haina haraka yoyote. Tulikaa juu ya masanduku ya bati.

"Unajuaje pigo lako lina urefu gani?" aliuliza ghafla.

"Sijui hasa. Najua tu lilipo." Nikamweleza. Nilikuwa nimeweka kipande cha kioo mbele ya mwanga, nusu ikapita, nusu nikairusha hadi ukuta wa mbali na kuirudisha kwa kioo kingine, ili ifike kwenye utando ikiwa imechelewa. Mita sita kwenda na kurudi, nanosekunde ishirini. Nilitaka kujua pigo la pili likikuta mahali pale pale, linakuta metali bado ina joto au imeshapoa. Nikamwambia nilijifunza hesabu hiyo uani, kutokana na makombora.

Alisogea mbele. "Na uliona nini?"

"Sikuona kitu. Lile la pili lilikuwa dhaifu mno. Ama sikulilenga vizuri."

"Wiki ngapi ulijaribu?"

"Nyingi."

"Na 'sikuona kitu' ndilo jibu unalonipa leo, siku kama hii."

"Ndilo nililonalo, Madamu."

Alichukua kipande cha waya sakafuni akawa anakikunja na kukikunjua mpaka kikakatika. Sijui alikuwa akifikiri nini, na baadaye, tulipofanya kazi pamoja miaka mingi, sikumuuliza.

Swala ilikwisha. Nilikuwa nimeuweka moyo wangu wote kwenye dakika hiyo, nikasahau jambo ambalo kila mtoto wa Buyenzi analijua: Ijumaa baada ya swala hakuna anayerudi kwenye nyundo. Watu huenda kula pilau nyumbani, hutembeleana, kazi inangoja Jumamosi. Walipita mbele yetu kwa makundi, kanzu nyeupe tupu, wakicheka, wakielekea majumbani. Dereva alikuja akichezesha ufunguo. Mwalimu alisimama akachukua mkoba wake.

Fundi bati alitokea mlangoni, kanzu yake inanukia udi. Alimtazama mwalimu, akanitazama, akaiona mashine ikiwa wazi.

"Njo huyu madamu ya jana?"

"Ndiye."

"Na mbwa amebweka?"

"Nyundo zilikuwa zimelala."

"Na kesho?"

"Kesho anapanda ndege."

Alivuta pumzi, akakunja mikono ya kanzu mara mbili, akachukua nyundo na pipa lililobaki nusu, akakaa nalo mdomoni mwa kibanda. "Swala imekwisha, kazi si haramu," alisema, akaanza kufua.

Nyundo moja haikutosha. Alilijua hilo. Alitoa sauti akimwita jirani yake, aliyekuwa ameshafika kwenye kona. "We! Rudi! Mbwa ya mukristu anataka kubweka, hana wenzake!"

"Leo Ijumaa! Pilau inapoa!"

"Pilau haina miguu! Rudi!"

Akarudi akinung'unika. Akaja na mwingine. Wakafungua vibanda, wakakaa na kanzu zao, wakaanza kupiga chochote kilichokuwa karibu: mapipa, karai, mfuniko wa boneti. Kutoka nyumba za mbele wanawake walitokeza vichwa. Mmoja aliuliza kwa ukali kama kuna habari mbaya imekuja, na dereva wa teksi, ambaye hakuwa na habari yoyote, akamjibu, "Ni mazoezi!" Kisha naye akaokota chuma akaanza kugonga rimu ya gari lake.

Nilisubiri mpaka kelele ikawa nzito, ikasimama kama ukuta. Nilikaa kwenye swichi, nikamwonyesha mwalimu bolti. Mwalimu akaishika yeye, kwa kipini cha mbao, akaisogeza pole pole mpaka nilipoinua kidole. Nikawasha.

Mbwa akabweka. Barabarani hakuna aliyeshtuka.

Mwalimu alitaka kuona mwanga wenyewe kwanza, bila lenzi. Nikaiondoa. Nilikuwa nimezoea kuweka karatasi mbele, lakini siku ile kwa haraka karatasi niliisahau, na mwanga ukapita ukingo wa meza ukaenda moja kwa moja mdomoni mwa kibanda, alipokaa fundi bati amenipa mgongo. Kwenye kiuno cha kanzu yake, nyeupe iliyofuliwa kwa sabuni ya kung'arisha, kikatokea kidoa cha buluu, kikazimika, kikatokea tena, kila mlio na kidoa chake. Mwalimu alipiga ukelele, akionyesha kwa kidole. Fundi bati aligeuza shingo akakiona.

"Astaghfirullah!" aliruka. "Mbwa amenikojolea!"

Alipapasa kanzu yake. Ilikuwa kavu. Akainyoosha mbele ya mwanga, akakiona kile kidoa kikiwaka kwenye kitambaa mkononi mwake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akakosa la kusema. "Kumbe upo," alisema mwisho. "Kumbe ule mwanga upo."

Nikarudisha lenzi, nikaweka utando mpya ambao mwalimu aliukata mwenyewe kwa mkasi wake. Tukapiga. Alikuwa akiusogeza kidogo baada ya kila mlio, kisha akautoa, akatoka nao nje, akauinua kuelekea jua. Nilimfuata bila kuizima mashine. Kwenye kile kipande cha kijivu kulikuwa na mstari wa nuktanukta za mwanga, kila moja mahali pake. Alikigeuza, akakigeuza tena. Akanisogelea sikioni, maana nyundo zilikuwa zinaendelea.

"Pasipoti unayo?"

"Sina!"

"Anza Jumatatu! Mimi natangulia, wewe utanifuata. Na kile kioo cha ukutani, ile mita sita yako, tutairudia kule mpaka tuone kitu. Umenisikia?"

Nilimsikia. Nilitaka kujibu, lakini nyuma yetu mlio ukawa mwingine, mzito, kama mtu aliyepasua kitambaa kinene, na harufu ya plastiki iliyoungua ikatoka kibandani. Nyundo zikaacha moja baada ya nyingine.

"Mbwa amekufa?" fundi bati aliuliza.

"Amekufa."

"Basi. Twende tukule. Madamu na wewe, na dereva. Bibi yangu atauliza kwa nini nimechelewa, mutamwelezea wenyewe."

Tulikwenda. Walitutandikia mkeka uani, pilau ikaletwa kwenye sinia, ikiwa imepoa kweli. Mwalimu alikula haraka, kama alivyofanya kila kitu, akiuliza watoto wa nyumba maswali. Mimi nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Upande wa kusini kitu kilikuwa kimemulika, mbali, juu ya Musaga, na bila kujijua nilikuwa nimeshaanza kuhesabu.